Tope Lisilotajwa

Jumanne, tarehe 13 Februari
(leo maji mafu)

Wewe Kiduchu,

Miezi minane! Kuku aliyekuwa akiatamia ulipoondoka hapa, vifaranga vyake navyo vimeshaanza kutaga. Hujafa, maana ungekufa ningeletewa habari. Huumwi mguu, mguu mbovu ninao mimi. Basi kilichokukalisha huko ni nini, kiti cha ofisi kina gundi?

Na hiyo barua uliyoleta! Salamu mstari mmoja, maswali mistari ishirini. "Bibi, hili mnaliitaje, na lile mnaliitaje." Fundi wa cherehani alinisomea mara mbili, nikidhani ameruka mahali penye mapenzi. Hakuruka. Hapakuwepo.

Ndiye anayeandika sasa, cherehani ameifunika. Nimemwambia ayaandike yote nisemayo, asinipambe wala asinipunguze. Anacheka. Nimemwambia aandike kwamba anacheka.

Haya. Unasema ofisi yenu ya ramani inapima njia ya kujenga daraja la mbao, lianzie huko mjini livuke tope lote lifike huku kwetu, watu waache kuzunguka siku mbili kwenye lori la chumvi. Jambo zuri. Unasema mhandisi wenu anajua vyuma na mbao, tope halijui, kwa hiyo anataka maneno ya sisi wanawake tuliokula jasho letu humo tukichokoa kome. Basi chukua kalamu, mke mwenzangu.

Maji yanajaa na kupwa, hilo hata mtoto analijua. Bamvua ni yale maji yenye nguvu, mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu. Yakija yanaingia mpaka chooni kwa jirani, yakirudi yanakwenda mbali hata unadhani yamehama. Mafu ni ya mwezi nusu: hayaji sana, hayarudi sana, yanajigeuza tu kama mgonjwa kitandani. Mtu mvivu naye tunamwita maji mafu. Mjomba wako wa pili ni maji mafu tangu azaliwe, andika hiyo.

Kupwelewa ni chombo kuachwa na maji, kimelala ubavu juu ya tope, nahodha amekaa ndani anajiona mjinga. Anayefika harusini sahani zikioshwa, huyo naye amepwelewa.

Sasa tope. Liko tope nata: linashika kiatu, linakuachia mguu. Halina ubaya, linataka ukae nalo taratibu. Tope uji ni lile la kwenye mahori, vile vijito vinavyoingiza maji ya bahari, linaingia mpaka gotini, lakini chini yake pana sakafu. Tope mlezi ni jeusi, linanuka, ndilo lenye kome; hilo limekulea wewe, ada zako zote za shule zilitoka humo, kwa hiyo usizibe pua. Tope kigaga lina ngozi ya juu iliyokauka kama kidonda kinachopona, ukilikanyaga linakatika. Huko unatembea kwa kisigino kwanza, halafu unasikiliza. Mguu una sikio lake. Mwambie mhandisi avue viatu.

Nguo ya mlangoni imechanika. Nataka ya buluu. Usiilete na dereva, ilete na miguu yako.

Mimi bibi yako


Jumanne, tarehe 20 Februari

Shikamoo Bibi,

Nimestahili. Nimeisoma barua yako ofisini nikiwa nimejificha nyuma ya kabati, maana nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, na karani wa mapokezi ni mtu wa kuuliza.

Sikukaa huku kwa kupenda. Mimi ndiye mdogo kuliko wote hapa na ndiye pekee niliyezaliwa upande wenu, kwa hiyo kazi ya maneno nimepewa mimi. Nikiikosea nitarudishwa kupanga mafaili. Nikiipatia, mhandisi ameahidi nitatoka nao siku ya kupigilia vigingi. Tumempa jina la Buti, kwa sababu amenunua mabuti mapya yanayofika gotini na anayavaa hata ofisini ili yalainike. Nilimwambia ulivyosema kuhusu kuvua viatu. Akasema, "Mwambie bibi yako ninamheshimu, lakini vidole vyangu navipenda."

Mchora ramani ameweka rangi kwa kila tope lako. Nata ni kahawia, uji ni kijivu, mlezi jeusi, kigaga ni jekundu. Ramani imependeza kama kitenge.

Ila pamebaki mahali. Ukitoka kwenye fungu la mchanga, lile la katikati, kabla hujafika hori la mwisho lililo karibu na nyumba yetu, pana upana kama wa viwanja vitatu vya mpira. Hukupasemea chochote. Pana tope gani hapo, Bibi? Buti anataka njia ipite hapo kwa sababu ndipo pafupi.

Nakukumbuka. Nguo ya buluu nimeshaiona dukani.

Mjukuu wako,
Kiduchu


Jumanne, tarehe 27 Februari
(maji mafu tena)

Kiduchu,

Marahaba. Hii sasa ni barua, imeanza na mtu kabla ya tope.

Nimefurahi kuhusu rangi. Mlezi kuwa jeusi ni sawa. Lakini kigaga si jekundu, kigaga ni rangi ya mkate uliosahaulika. Mwambie mchora ramani aje atazame, asikae chumbani akibuni.

Umesahau kuuliza kuhusu maji yaliyosimama. Kati ya kupwa na kujaa pana muda mfupi maji hayaendi popote, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu. Hapo ndipo mchokoaji anainua kichwa. Ukiona kaa wadogo wanaingia mashimoni wote kwa pamoja, maji yamegeuka, hata kama huyaoni. Usiseme "bado kidogo nijaze ndoo." Wanawake wawili niliwaona wakisema bado kidogo. Tuliwavuta kwa kanga tulizozifunga mafundo, na ndoo ziliondoka.

Pia liko neno kutopea. Kutopea ni kuzama katika tope, na pia katika jambo: mtu katopea katika mapenzi, katopea katika umbea. Fundi wa cherehani hapa ametopea katika yote mawili. Amekataa kuandika hivyo nimemlazimisha.

Kuhusu hapo ulipopauliza, hapo paruke. Sina la kukuambia kuhusu hapo. Andika mengine, mengine ni mengi. Njia wapitishe kwa upande wa juu, kwenye tope uji, ni mzunguko mdogo tu, mbao hazitakwisha duniani.

Na wewe usitoke nao. Kazi yako ni maneno, kaa na maneno. Unajua ilivyokuwa kwa baba yako. Aliambiwa subiri akakataa, akaenda, tope likamchukua wewe una miaka mitatu hata kuaga hujui. Nimekulea nikikwambia kila siku, usiwe mkaidi kama baba yako. Sasa nakwambia tena na karatasi ni shahidi.

Kula. Picha uliyoleta shingo imekuwa kama ya mbuni.

Bibi yako


Jumanne, tarehe 12 Machi

Shikamoo Bibi,

Nina furaha mpaka naandika nimesimama, utanisamehe mwandiko.

Ramani imepitishwa! Mkuu wa ofisi amesema hajawahi kuona tope likielezwa vizuri hivyo. Aliuliza, "Huyu mama amesoma wapi?" Nikamwambia, humo humo matopeni. Jina lako halikuwekwa kwa sababu hukutaka, wameandika tu "kwa maelezo ya mchokoaji mzoefu".

Tunatoka Alhamisi wiki ijayo, tarehe 21, watu wanane. Tumechagua siku ya bamvua kama ulivyofundisha, kwa kuwa maji yatakwenda mbali. Tutaanza saa tatu asubuhi na tutapigilia vigingi mia tatu kutoka huku mpaka kwako. Kwa hesabu ya Buti nitakuwa mlangoni kwako saa sita mchana. Nitakuja kwa miguu, Bibi! Sikutaka kukuambia, nilitaka uone tu mtu anatokea kwenye tope, lakini nimeshindwa kunyamaza.

Pale pasipo na neno, kati ya fungu na hori la mwisho, mchora ramani alipaka njano, rangi ya mchanga mgumu. Alisema kama wanawake waliofanya kazi hapo maisha yao yote hawakupapa jina, basi hapana tope la kuogopa. Nami nikaona ni kweli, maana wewe huachi kitu bila kukisema. Kwa hiyo njia inapita hapo moja kwa moja. Upande wa juu ungeongeza mbao elfu moja na mia mbili.

Najua umesema nisitoke. Lakini kazi hii nimeifanya mimi, na nataka kuwa wa kwanza kufika. Buti amekubali nishike kamba ya mbele naye. Kama ni ukaidi, basi nimeurithi, na niliyemrithi hayupo wa kuulizwa.

Mjukuu wako anayekuja,
Kiduchu


Jumatatu, tarehe 18 Machi
(mwezi siku ya kumi na tatu, maji yanakua)

Kiduchu, simama. Popote unaposomea hii, simama hapo hapo.

Barua yako imenifikia leo asubuhi, lori liliharibika njiani siku nne. Dereva anaondoka sasa hivi, anakunywa maji tu. Amesema atajaribu kufika Jumatano jioni. Huku simu hakuna, unajua. Kwa hiyo nasema haraka, na fundi anaandika haraka, herufi zikilala usitukane.

Hapo si mchanga. Hapo pana jamvi.

Hulijui neno hili kwa sababu halikutajwa nyumbani kwangu tangu una miaka mitatu. Hata la kukalia tuliliita kitandiko, utakumbuka. Wachokoaji tuna desturi yetu: tope lililomla mtu hatulitaji tena. Tunaonyesha kwa kidevu tu tunapita mbali. Kila mwanamke huku anajua. Wewe ulikulia shuleni, na mimi nilikuonyesha kwa kidevu, na barua haina kidevu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Jamvi linavyokuwa: ni zuri. Ni safi, lina mistari midogo kama ukindu uliosukwa, linang'aa, linakuita ukae. Juu ni mchanga kidole kimoja. Chini ni maji na tope vimechanganyika, hamna sakafu, mimi sijawahi kuigusa kwa mti wa urefu wangu mara mbili. Kisigino hakisikii kitu, maana linakubeba hatua kumi, kumi na tano, halafu linakuachia. Wakati wa maji mafu hukaza kidogo, unaweza hata kupita. Likija bamvua maji yanaingia chini yake, linalegea, na linahama. Leo siwezi kukuambia limefika wapi. Ninajua tu kwamba wiki hii ndiyo mbaya kuliko zote.

Kosa langu la pili. Hili nalisema na fundi ananitazama usoni. Ndiyo maana sikulisema miaka yote hii, Kiduchu. Mimi kuandika sijui, neno langu ili likufikie lazima lipite kwenye sikio la mtu mwingine. Nilijiambia nitakwambia ukija, kisha ukija najiambia nitakwambia utakapokuja tena.

Baba yako hakuwa mkaidi. Baba yako alitaka kusubiri. Siku hizo ilikuwepo ngalawa, maji yakijaa. Alisema, "Mama, leo bamvua, ngoja nipande ngalawa." Mimi nilikuwa nimepita hapo siku saba nyuma, maji mafu, nikakuta pagumu. Nikamwambia pita, nimepakanyaga mwenyewe. Akasita. Nikamcheka mbele ya watu, nikasema, "Mwanamume mzima unaogopa kuchafua miguu?" Akaenda. Nilimpa habari ya wiki iliyopita kwa safari ya siku ile, mimi niliyejisifu kuliko wote kujua tope.

Kisha watu walipokuja kulia, mmoja akasema vijana hawasikii. Nami nikanyamaza. Nikaliacha neno hilo likae juu yake. Baadaye nikawa nalisema mwenyewe.

Fundi ameweka kalamu chini. Anasema, "Mama, nilikuwepo siku hiyo. Sote tulijua." Miaka ishirini na mbili! Nimemwambia okota kalamu.

Usipite njano. Mwambie Buti wako, mwambie mkuu wa ofisi, wapigie kelele, watupie wino. Ukinichukia nichukie ukiwa juu ya ardhi kavu.

Na kama karatasi hii haitafika kwa wakati, nami sitakaa hapa kuisubiri ifike. Miguu ninayo, hata kama mmoja ni mbovu.

Bibi yako


Ijumaa, tarehe 22 Machi

Bibi,

Barua yako nimeipata leo. Ilifika juzi jioni, mlinzi wa geti akaiweka kwenye droo kwa sababu ofisi ilikuwa imefungwa, na jana asubuhi tulipoondoka alikuwepo mlinzi mwingine.

Kwa hiyo jana nilitoka bila kujua kitu. Ninakuandikia yaliyotokea kwa upande wangu, kwa sababu nilikuona lakini hatukusemezana.

Tulifika fungu la mchanga saa nne na nusu, vigingi mia moja na themanini nyuma yetu. Mbele palikuwa kama ulivyoandika: safi, mistari midogo, panang'aa. Buti akasema, "Hapa hata gari linapita." Ng'ambo, mbali, tukaona mtu mdogo sana amesimama peke yake katikati ya uwazi, anapiga sufuria. Buti akasema wenyeji wametoka kutushangilia, akapunga mkono. Nikapunga na mimi. Nilijua ni wewe kwa namna ulivyoegemea upande. Nilifurahi, Bibi! Nilidhani umekuja kunipokea.

Ulikuwa unapiga kelele neno moja. Upepo ulikuwa unalileta kidogo kidogo. Jamvi, jamvi, jamvi. Nikawaambia wenzangu, anasema jamvi, sijui anataka kututandikia. Tukacheka. Buti akaenda mbele na kamba, mimi nyuma yake hatua sita.

Kisha nikaona ukitupa sufuria chini, ukaanza kuja kwetu. Wewe, na mguu huo. Ndipo nilipovuta kamba. Sijui kwa nini. Sikuwahi kukuona ukikimbia.

Nilipovuta alikuwa ameshaingia mpaka mapajani, na kabla hajamaliza kusema "ngoja" alikuwa kiunoni. Tulilalia mbao za vigingi tukamvuta, watu saba, kamba ikinikata viganja. Alisema, "Niache, nimesimama," na alikuwa hajasimama, alikuwa anakwenda chini taratibu huku akituhakikishia. Mabuti ndiyo yaliyomshika. Tulipomtoa yalibaki huko, na suruali moja. Kaa walikuwa wameshaingia mashimoni, niliwaona, nikajua. Tulikimbia na maji yakatufuata mpaka magotini.

Niligeuka mara moja. Na wewe ulikuwa umezama mpaka magoti, na wanawake waliokufuata nyuma wanakuvuta kwa kanga. Halafu sikuona tena.

Buti ni mzima. Leo amekuja kazini na ndala. Njia imehamishiwa upande wa juu.

Sasa nimesoma barua yako na sijui niiweke wapi. Umeniokoa, hilo nalijua. Lakini darasani nilipopigwa kwa kubisha, nyumbani uliniambia nimefanana na baba. Nilipokataa yule mchumba, uliniambia ni ukaidi wa baba. Nimekua nikimwonea haya mtu aliyekufa kwa kukutii. Hata jana nilipotoka nilisema moyoni, na mimi ni mkaidi, acha iwe. Unaona ulivyokuwa ukinifundisha kufa?

Sitakuja. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mjukuu wako


Jumamosi, tarehe 30 Machi

Kwako mwanangu Kiduchu,

Mimi ni fundi wa cherehani, leo ninaandika yangu. Bibi yako hajui, kwa hiyo ukijibu usinitaje.

Nilimsomea barua yako. Akasema nimsomee tena sehemu ya kufa. Nikamsomea. Kisha akasema, "Mtoto amesema kweli, na mwandiko wake mzuri."

Alitoka siku ile tangu maji yalipoanza kupwa, gizani bado, tukamkataza akatutukana sote kwa ukoo. Alikuwa analitafuta jamvi kwa mti, hatua kwa hatua, apate kujua ukingo wake. Alipowaona mnakuja hakuwa amemaliza. Mguu umevimba, lakini mfupa haukuvunjika.

Nakiri na sisi tulinyamaza. Kila mtu alisema si juu yangu. Ungekuja kutugombeza sote, ingekuwa haki.

Fundi


Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Bibi,

Nina swali moja tu. Ulipomwambia vile, yeye alisema nini? Nataka maneno yake. Zaidi ya lile la ngalawa, sina hata neno moja la baba yangu.

Kiduchu


Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Kiduchu,

Umeuliza, nakujibu, sikuongezi asali.

Alikuwa mlangoni, ameshika viatu vyake mkononi, kamba za viatu amezifunga pamoja. Nilipomcheka, hakukasirika. Angekasirika ningelala vizuri zaidi. Alicheka na yeye. Akasema, "Haya Mama, nikitopea utanitoa." Nikasema, "Nitakutoa kwa masikio." Akasema, "Mtazame mtoto, asile mchanga." Mtoto ni wewe, ulikuwa umekaa pale nje na mdomo umejaa mchanga. Nikakuinamia kukufuta. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshakwenda mbali.

Hayo ndiyo maneno yake. Ya mwisho ni kwamba usile mchanga. Ni yako, nilikuwa nimekaa nayo bure.

Sikumtoa kwa masikio. Nilifika na kamba, alikuwa hayupo. Tulimpata maji yalipopwa mara ya pili. Ninaishia hapo, maana fundi analowesha karatasi.

Sasa sikiliza nilichofanya, na sikukifanya ili unisamehe. Ukitaka kukasirika kasirika, una haki, mimi mwenyewe ningekasirika mara mbili yako. Nilifunga mguu kitambaa, nikapita nyumba kwa nyumba, hata kwa wale ninaogombana nao, hata kwa mjomba wako maji mafu aliyelala. Nikasema mlangoni kwa kila mtu: "Mwanangu hakuwa mkaidi. Mimi ndiye niliyemwambia pita." Wengine walisema tunajua, kaa unywe maji. Mzee mmoja alisema ya nini kufukua ya zamani. Nikamwambia hujui kufukua wewe, mimi nimefukua tope miaka hamsini, kilicho hai humo hukipati bila kulifukua.

Na jamvi sasa tunalitaja. Niliwaita wachokoaji wote, wakubwa na wasichana, nikawaambia desturi ile imekwisha, nimeivunja mimi na kama ina laana inipate mimi, nina nafasi. Tumepiga miti mirefu kuzunguka ukingo wake, na kila baada ya bamvua tunakwenda kutazama limehamia wapi, na wasichana wanalisema kwa sauti. Wanalipigia kelele kama jina la mbwa. Moyo wangu unaruka kila mara, lakini wacha waseme.

Buti alikuja juzi na lori. Mtu mpana, sijui mlimtoa vipi na mabega yale. Alivua ndala kabla hajafika ukingoni, sikumwambia. Nilimfundisha kisigino. Hana sikio la mguu, lakini anajaribu. Aliniuliza kama nina ujumbe kwako. Nilimwambia sijaruhusiwa kuandika. Akasema lakini umeshaniandikia swali, liko njiani, na swali linataka jibu. Jioni yake barua yako ikafika kweli.

Kwa hiyo hili ni jibu, si barua. Ukinyamaza nitajua, sitatuma dereva kukuchungulia.

Lakini siku ukija, iwe mwakani, iwe nimeshalala kitanda cha mgonjwa, pita upande wa juu walikopiga vigingi, kisigino kwanza. Usinawe miguu mlangoni. Ingia nayo hivyo hivyo na tope lako mpaka kitandani kwangu, sakafu yote ichafuke, nikiamka nizione nyayo zako zimetoka huko na zimefika.

Bibi yako